Chuo cha ufundi na kiwanda cha jirani: namna ya kujenga ushirikiano unaozaa mafundi Dar es Salaam

Ukitoka Tazara kuelekea Uwanja wa Ndege kwa Barabara ya Nyerere, kulia viwanda, kushoto viwanda. Chang'ombe kuna chuo cha VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi. Mjini kati kuna DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1957 kama taasisi ya ufundi. Mabibo kuna Chuo cha Taifa cha Usafirishaji. Katikati yake vimejaa vyuo vya binafsi vilivyosajiliwa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi, vingine vikiwa na karakana ya chumba kimoja. Kutoka karakana ya chuo hadi ya kiwanda mara nyingi ni nauli moja ya daladala. Lakini mwenye kiwanda analia hapati fundi, na mhitimu analia hapati kazi, na wote wawili wanasema kweli.

Mwongozo huu ni wa mkuu wa chuo au mratibu wa mafunzo kwa vitendo aliyechoka kuandika barua za kuombea wanafunzi fildi zisizojibiwa. Rai yangu naitanguliza, ujue unasoma maneno ya mtu mwenye upande: ushirikiano unaodumu huanzia kwa yule anayepigiwa simu saa nane usiku mashine ikisimama. Hafla ya kusaini hati ukumbini, na keki juu ya meza, ije baadaye au isije kabisa.

Hatua ya 1: Chagua fani moja na viwanda visivyozidi vitano

Chuo chenye fani sita hutamani kupata washirika wa fani zote mwaka huohuo. Usifanye hivyo. Chukua fani ambayo karakana yake ina vifaa na mwalimu wake anaaminika, kwa mfano umeme wa viwandani au uchomeleaji, kisha orodhesha viwanda ambavyo mwanafunzi anaweza kuvifikia kwa gari moja au mawili. Mwanafunzi anayeishi Chanika ukimpeleka Mikocheni atafika saa tatu kila siku, na kiwanda kitasema vijana wa chuo chako ni wavivu. Foleni ya Dar ni sehemu ya mtaala, upende usipende.

Usisahau wasioitwa viwanda. Hoteli kubwa ina jenereta, pampu, lifti na mitambo ya kupoza hewa. Hospitali vilevile. Kampuni za malori kuanzia Kurasini hadi Vingunguti zina karakana zao, na bandari imezungukwa na watoa huduma wenye kreni na foklifti. Waajiri hawa hawapati barua nyingi za fildi kama viwanda vyenye majina, na wengi wao wana mafundi wachache waliozidiwa na kazi.

Hatua ya 2: Jua kiwanda kinalipia nini tayari

Kabla hujaenda kuomba, fahamu kwamba mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi analipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ile inayoitwa SDL, kupitia TRA kila mwezi. Miaka ya nyuma ilikuwa asilimia 6 ya malipo yote ya wafanyakazi. Ikapunguzwa kidogokidogo hadi kufikia asilimia 3.5 kuanzia Julai 2023. Kiwango cha mwaka huu wa fedha kihakikishe mwenyewe, maana bajeti hukigusa mara kwa mara.

Piga hesabu. Kiwanda kinacholipa mishahara ya Sh milioni 40 kwa mwezi, kwa asilimia 3.5 kinatoa Sh milioni 1.4 kila mwezi, yaani Sh milioni 16.8 kwa mwaka. Mhasibu wake anaijua namba hiyo kwa moyo na ameshaihesabu kuwa hasara. Ukifika ukaanza kuomba "mchango wa kuendeleza ujuzi wa vijana", unamtonesha kidonda. Anza upande wa pili: hela unatoa tayari, mimi nimekuja uone matunda yake hapa kwako. Kauli hiyo inafungua masikio kuliko hotuba ya uzalendo.

Hatua ya 3: Ingia kwa mlango wa karakana

Barua rasmi iandike, na nakala yenye mhuri uwe nayo, kwa sababu bila hiyo mlinzi hakuruhusu kupita getini. Ila usiipeleke ofisi ya rasilimali watu ukakaa kusubiri. Ofisi hiyo ina kabati limejaa barua za aina hiyo, hasa kuanzia mwezi wa sita, vyuo vikuu navyo vinapotawanya wanafunzi wao kwa fildi ya Julai hadi Septemba. Tafuta mshenga. Mhitimu wako anayefanya kazi pale, muuza vipuri anayewapelekea beringi, au mwalimu wako aliyesoma na mhandisi wao, yeyote kati ya hao anatosha kukufikisha kwa mkuu wa matengenezo.

Nenda naye mwalimu wa fani. Mkuu wa chuo akienda peke yake, mazungumzo yatakuwa ya heshima na hayatakuwa na kitu ndani. Na nenda asubuhi mapema, baada ya zamu kupokezana na kabla matatizo ya siku hayajaanza kumiminika.

Sasa, utauliza nini? Wengi huuliza, "Je, mna upungufu gani wa ujuzi?" Jibu lake ni lilelile kila kiwanda: vijana wa siku hizi hawana nidhamu. Swali pana huzaa jibu pana. Uliza hivi:

"Shikamoo mzee. Mwezi uliopita mashine gani iliwasumbua zaidi?"

"Marahaba. Ile ya kufungasha, pale mwisho. Imesimama siku mbili."

"Nani aliitengeneza?"

"Tulimwita fundi wa nje. Wetu wanabadilisha mota, lakini ikija habari ya zile sensa na PLC hawagusi, wanaogopa kuunguza."

Hapo ulipo umeshapata kozi: sensa ni vihisi vya mashine, na PLC ni kompyuta ndogo inayoiongoza. Endelea: fundi wa nje mnamwita mara ngapi, na kwa kazi zipi? Fundi wenu anayekaribia kustaafu ni nani, na anayemfuata anajua nusu ya anayoyajua? Ni kazi gani fundi mpya humchukua muda mrefu kabla hamjaweza kumwacha peke yake? Lini kiwanda husimama kwa matengenezo makubwa? Swali la mwisho andika jibu lake kwa wino mwekundu. Kipindi hicho mitambo inafunguliwa hadi tumboni, mikono ya ziada inatakiwa, na mwanafunzi anaona kwa wiki mbili mambo ambayo siku za kawaida asingeyaona kwa miezi minne.

Ondoka bila kuomba nafasi za fildi. Najua inauma, lakini ondoka.

Hatua ya 4: Rudi na kitu mkononi

Ziara ya pili unapeleka. Njia mbili zimenionyesha matokeo kuliko nyingine.

Ya kwanza ni urasimishaji wa ujuzi. Kila kiwanda Dar kina mafundi waliojifunzia kazini, hodari kabisa, wasio na karatasi hata moja. VETA ina utaratibu wa kuwapima watu wa namna hiyo na kuwapa vyeti kwa ujuzi walio nao. Chuo chako kikijitolea kuwakusanya, kuwaelekeza kujaza fomu, na kuwapa mazoezi ya jioni kwenye nadharia wanayopungukiwa, umempa mwajiri kitu cha kuonyesha wakaguzi na umempa fundi mzee heshima aliyoikosa miaka yote. Na fundi huyohuyo ndiye atakayekuja kumwelekeza mwanafunzi wako. Tofauti kati ya mwelekezaji anayekupenda na anayekuona mzigo utaiona ndani ya siku tatu.

Ya pili ni kozi fupi ya kulipia. Ile hofu ya PLC pale juu inatibika kwa Jumamosi kadhaa: kusoma mchoro, kutambua ingizo na toleo, kujua sensa mbovu kwa mita kabla ya kulaumu programu. Toza bei ya haki. Kozi ya bure haithaminiwi. Siku ya pili wafanyakazi watabakizwa kupakia mzigo.

Hapa niseme neno juu ya mtaala, maana ndipo ahadi za uongo hutolewa. Mitaala ya umahiri, iwe ya ufundi stadi ngazi ya 1 hadi 3 au ya stashahada chini ya NACTVET, ina utaratibu wake wa kupitiwa na kuidhinishwa. Huwezi kumwahidi mhandisi kwamba muhula ujao utaongeza somo. Ulicho na uhuru nacho ni mpangilio wa mada ndani ya muhula, mifano na mazoezi ya karakana, kozi fupi za pembeni, na uchaguzi wa kazi za mradi. Ukivitumia hivyo vinne vizuri, kiwanda hakitauliza kuhusu mtaala.

Hatua ya 5: Andika mkataba mfupi unaojibu maswali ya siku mbaya

Hati nyingi za makubaliano zina kurasa za "kwa kuzingatia kwamba" na hakuna mstari unaosema mwanafunzi akikatwa kidole nani anampeleka hospitali. Kurasa tatu zinatosha. Ndani yake:

- Idadi ya wanafunzi kwa awamu, tarehe, na zamu watakazofanya. Anza na wawili au wanne, hata kama umepewa nafasi kumi.
- Jina na cheo cha mwelekezaji kiwandani, na jina la mwalimu msimamizi chuoni, kila mmoja na simu yake.
- Kazi ambazo mwanafunzi haruhusiwi kuzigusa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza walio chini ya miaka 18 kuajiriwa katika kazi za hatari, na vyuo vya ufundi stadi vina vijana wa miaka 16 na 17. Umri wa kila mmoja uandikwe.
- Vifaa vya kinga: nani ananunua buti, ovaroli, glavu na miwani. Mwanafunzi akifika na raba za mtumba, arudishwe getini, na mkataba useme hivyo.
- Ajali. Usidhani kwamba mwanafunzi asiye na mkataba wa kazi yumo moja kwa moja katika fidia ya WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kama mfanyakazi. Chuo kiwe na bima ya ajali ya wanafunzi walio nje, na namba ya hospitali ya karibu iandikwe.
- Nauli na chakula. Kiwanda kikitoa chakula cha mchana tu, tayari kimemsaidia sana mtoto wa Mbagala.
- Picha za simu na siri za kiwanda.
- Namna ya kuvunja makubaliano bila ugomvi.

Wasichana wana mambo yao ambayo mkataba huyasahau: choo, mahali pa kubadilishia nguo, usafiri wa zamu ya usiku, na mtu mahususi, ikiwezekana mwanamke, wa kupelekewa malalamiko ya kusumbuliwa. Kagua kwa macho yako kabla ya kumpeleka. Kiwanda kisicho na choo cha wanawake karibu na karakana kitakuambia "hakuna shida", na shida ipo.

Kama unataka kwenda mbele zaidi ya fildi, hadi uanagenzi wenyewe ambapo kijana anagawanya muda wake kati ya chuo na kazini kwa mwaka au zaidi, subiri awamu mbili za fildi zipite salama. Uanagenzi unamtaka mwajiri aweke mwelekezaji wa kweli na ratiba ya kuzungusha kijana idara kwa idara. Huwezi kuvijenga hivyo juu ya watu msiojuana.

Hatua ya 6: Kitabu cha kumbukumbu kiwe na maana

Hii ndiyo hatua ninayoitazama kwanza nikitaka kujua kama chuo kina ushirikiano au kina picha za ukutani. Fungua kitabu cha fildi cha mwanafunzi yeyote. Mara nyingi utakuta: "Jumatatu: Nilisaidia kazi mbalimbali za matengenezo. Jumanne: Kama jana." Chini, sahihi ya msimamizi, zote kwa kalamu moja, zimesainiwa siku ya mwisho.

Linganisha na ukurasa wa namna hii:

"Pampu ya maji Na. 2, mota kW 7.5, inajikata kila baada ya muda. Nimepima kwa klampu mita: L1 amp 19, L2 amp 18, L3 amp 6. Fundi ameniuliza kwa nini mbili zimepanda. Tumezima, tumefunga kufuli kwenye swichi kuu, tumefungua kontakta: ncha ya L3 imeungua. Tumebadilisha kontakta. Sasa amp 14 zote tatu."

Kijana aliyeandika hivyo ameelewa kwamba njia moja ya umeme kati ya zile tatu (L1, L2, L3) ikidhoofu kwenye kontakta, ile swichi inayowasha mota, mota hubebesha mzigo njia nyingine mbili, ndipo kikinga mzigo kinapokata. Na ameelewa kufunga kufuli kabla ya kutia mkono. Mhandisi akisoma ukurasa huo anajua huyu ni wa kuajiri. Mwalimu akiusoma amepata zoezi la karakana la muhula ujao, bila gharama.

Ili upate kurasa za aina hiyo, wagawie wanafunzi karatasi yenye vichwa vinne tu: mashine ipi, dalili gani, nimepima au nimeona nini, tumefanya nini. Mwelekezaji asaini kila Ijumaa. Mwalimu atembelee bila kutoa taarifa angalau mara mbili, akae karakana saa nzima, asiishie kunywa soda ofisini na kuuliza "vijana wanaendeleaje?"

Siku ile ya kwanza, kabla hawajatoka chuoni, wafundishe pia mambo ambayo hayamo kwenye kitabu: kuamkia wakubwa, kuuliza kabla ya kugusa, simu mfukoni, kurudisha spana mahali ilipotoka. Wazee wa karakana watamvumilia kijana asiyejua kitu. Asiyerudisha spana hawamtaki.

Hatua ya 7: Mpeleke mwalimu kiwandani

Mwalimu aliyekanyaga kiwanda mara ya mwisho alipokuwa mwanafunzi anafundisha mashine zilizokwisha kuuzwa chuma chakavu. Likizo moja kwa mwaka, wiki tatu au nne, aingie kiwandani akiwa na ovaroli kama fundi. Mlipe posho yake na usimpe kazi nyingine ya chuo kipindi hicho. Kiwanda hukubali kwa urahisi kuliko kupokea wanafunzi kumi, kwa sababu kinapata mtu mzima anayeweza kazi. Akirudi, aandike mazoezi matano mapya, na ajue majina ya mafundi wote wa zamu. Hilo la majina lina thamani kuliko ripoti yake.

Na mlango uwe wazi pande zote mbili. Fundi wa kiwanda akija chuoni nusu siku kufundisha jinsi ya kupanga beringi bila kuipiga nyundo, wanafunzi watamsikiliza kuliko wanavyomsikiliza mwalimu wao. Mlipe nauli, mpe barua ya shukrani yenye nakala kwa bosi wake.

Gereji na karakana ndogo

Mafundi wengi wa jiji hili hawako Barabara ya Nyerere. Wako Gerezani wanakochonga vyuma, Keko kwenye samani, na kwenye gereji za Ilala na Tandale. Huko hakuna ofisi ya rasilimali watu wala mtu atakayesoma mkataba wa kurasa tatu. Zungumza na mwenyekiti wa kikundi chao, peleka mwanafunzi mmoja kwa kila fundi mkuu, na badala ya mkataba andika karatasi moja yenye sahihi za watu watatu: fundi, mwanafunzi, mwalimu. Usalama huko ni mdogo. Vifaa vya kinga vitoke chuoni, bila mjadala.

Mfano wa fursa iliyopo sasa ni gesi asilia ya magari. Teksi na bajaji zinahamia CNG, na DIT ina kituo chake cha kufunga mifumo hiyo. Gereji ya mtaani inaletewa gari lenye mtungi nyuma, na fundi hajui azime wapi kabla ya kuchomelea ekzosi. Chuo cha magari kinachoweza kuwafundisha mafundi wa mtaa kutambua mfumo, kuufunga salama na kujua kazi ipi waipeleke kituo chenye kibali, kitapata gereji za kupeleka wanafunzi bila kuandika barua hata moja.

Mashine za msaada

Uhusiano ukikolea, siku moja utaambiwa: "Mwalimu, tuna mashine tunaiondoa, mnaitaka?" Usijibu ndiyo papo hapo. Uliza ilisimama kwa sababu gani, vipuri vyake vinapatikana Dar au viliisha na kampuni iliyoitengeneza, inahitaji umeme wa njia tatu wa kiasi gani, na nani atalipia kreni ya kuishusha. Kuna vyuo vimegeuzwa jalala la viwanda kwa ukarimu wa namna hii. Mota mbovu ishirini za ukubwa mbalimbali, kontakta zilizoungua, gia boksi iliyochakaa: hivyo omba kwa mikono miwili, kwa kuwa mwanafunzi anavifungua na kuvifunga mara mia bila hofu. Mashine kubwa moja iliyokufa inakula nafasi ya benchi nne.

Kuulinda ushirikiano

Kamati ya ushauri ya waajiri ni nzuri ikiwa na watu sita au saba wa karakana, ikikutana mara mbili kwa mwaka, Jumamosi asubuhi, ndani ya karakana ya chuo badala ya ukumbini. Waonyeshe wanafunzi wakifanya kazi, uwaombe waseme kinachowaudhi. Kupitia Chama cha Waajiri, ATE, au Shirikisho la Viwanda, CTI, unaweza kuwafikia wengine, lakini peleka kwanza mfano wa kiwanda kimoja kilichoridhika.

Baada ya miezi sita ya kila awamu, piga simu. Nani yuko kazini, anafanya kazi ya fani yake au anauza vocha, na kiwanda kimeomba vijana wengine? Majibu hayo matatu yaandike kwenye daftari moja, hata kama ni la karatasi. Kwa fani ya umeme uliza pia nani ameshaomba leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa kuwa bila hiyo hawezi kuchukua kazi za kufunga umeme kwa jina lake.

Mwisho, watu wa matengenezo huhama. Mhandisi mzuri hupata kazi kwa jirani mwenye mshahara mkubwa zaidi, na ushirikiano wote uliokuwa kichwani mwake huondoka naye. Kuanzia mwezi wa kwanza, fahamiana na msaidizi wake na fundi wa zamu ya usiku. Ukisikia tetesi kwamba anaondoka, nenda wiki hiyohiyo na faili la wanafunzi waliopo, umwombe akutambulishe kwa anayeshika nafasi yake kabla hajakabidhi funguo. Kisha muulize anakokwenda wana mashine gani.